Tik, kisha ndizi

Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walimu wa shirika la APOPO, wanaowafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, huanza kazi mapema, jua likiwa bado la upole. Vifaa vya mwalimu ni vichache: kidude kinacholia "tik" kikibonyezwa, ndizi iliyopondwa, na mwanafunzi ambaye akikua huweza kupita uzito wa kilo moja. Panya huyo ameshazoeshwa mikono ya watu tangu udogoni, hivyo hashtuki akishikwa.

Somo la kwanza halina bomu. Mwalimu anabonyeza: tik. Papo hapo anatoa ndizi. Tik, ndizi, tik, ndizi. Mwanzoni mlio haumwambii panya chochote. Ndizi ndiyo inayomvuta, kwani kupenda chakula hakufundishwi. Baada ya marudio mengi, mlio ukisikika tu panya anageuka kukitafuta chakula kabla hakijatokea. Ivan Pavlov aliliona jambo hili kwa mbwa wake huko St. Petersburg, Urusi, zaidi ya miaka 100 iliyopita: mate yaliwatoka kwa kusikia tu sauti iliyozoea kutangulia chakula.

Ufundi uko kwenye mpangilio. Mlio utangulie, chakula kifuate, tena bila kuchelewa. Ndizi ikitangulia, mlio haubashiri kitu. Ikichelewa, panya anaweza kuihusisha na jambo jingine, pengine mkono uliosogea. Na mlio ukirudiwa bila chakula, nguvu yake inafifia. Ndiyo maana mwalimu mzuri habonyezi ovyo: kila mlio ni deni, naye hulilipa.

Kisha harufu ya TNT, kilipuzi kilichomo kwenye mabomu mengi, inatiwa ndani ya kichujio kidogo cha chai cha chuma. Panya akiinusa, tik, ndizi. Baadaye anapewa matundu ya kuchagua. Akipita juu ya tundu lisilo na TNT, mwalimu ananyamaza. Akituliza pua juu ya lenye TNT, anabonyeza. Siku zikienda, mwalimu anasubiri kidogo zaidi, mpaka panya aweze kutulia sekunde kadhaa kabla ya kulipwa. Kidole chenye pupa kingemfundisha kunusa na kupita. Wanasaikolojia watasema hapa panya anajifunza kutokana na matokeo ya tendo lake mwenyewe, na wako sahihi. Lakini ni mlio ule wa somo la kwanza unaomwezesha mwalimu kumwambia, sekunde ileile: hapo hapo.

Hufuata sanduku la mchanga, kisha uwanja wa mabomu yaliyokwisha kuondolewa uwezo wa kulipuka. Panya, akiwa amevishwa mkanda, anafuata kamba iliyonyooshwa kati ya watu wawili, huku na huko. Mafunzo yote huchukua takriban miezi 9.

Panya aitwaye Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alipitia mafunzo haya kabla ya kupelekwa Kambodia. Hadi anastaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na shirika la Uingereza la PDSA lilikuwa limemtunuku medali ya dhahabu. Aliistahili. Waliomfundisha, bonyezo kwa bonyezo, wanastahili heshima hiyohiyo.