Kamba ya Mwashi na Honda ya Bwana Shamba

Pikipiki ikianza kuvuta upande, wengi hulaumu barabara. Fundi mmoja wa Kiwangwa yeye hutafuta kwanza kamba ya mwashi.

Huku mananasi hutoka shambani kwa pikipiki: matenga ubavuni, tairi likizama mchangani hadi kwenye lami ya Bagamoyo–Msata. Kwa mizigo hiyo ekseli ya nyuma ikisogea milimita chache tu, gurudumu linatazama kando, tairi linalika upande mmoja na cheni inasaga sproketi kwa ubavu.

Nilimkuta akihangaikia Honda CG125 ya bwana shamba mstaafu. Muundo wake ulitoka mwaka 1976, na pikipiki nyingi za Kichina zimeuiga, kwa hiyo anayeijua hii anazijua nyingi. Mzee alikuwa ameinama akihesabu vijistari vilivyo kwenye mkono wa gurudumu la nyuma. Kushoto na kulia vililingana.

"Mzee wangu, hizo alama usizitegemee," fundi alimwambia. "Mkono ukipinda kidogo tu, zinadanganya."

Akaizungusha kamba nyuma ya tairi la nyuma, akazileta ncha mbele, moja kila upande, akazifunga kwenye tofali mbili. Kisha akawa anazisogeza tofali taratibu mpaka kamba iguse ukingo wa mbele wa tairi hilo bila kukunjwa nalo. Hapa ndipo nilipomvulia kofia. Kamba ikilala tairini kwa nguvu inapinda. Ikikaa mbali haisemi kitu. Alipiga magoti, jicho moja kalifumba, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Tairi la mbele ni jembamba, kwa hiyo kamba haitakiwi kuligusa. Pikipiki hii ilivaa 2.75 mbele na 3.00 nyuma, vipimo vya inchi, hivyo usukani ukinyooka inabaki nafasi ya kama milimita 3 kila upande. Kulia kamba ilikuwa imegusa.

Cheni ya CG iko kushoto, naye alishaipima ikicheza kati ya sentimita 2 na 3, kwa hiyo upande huo hakuugusa. Alilegeza nati ya ekseli, akakaza skrubu ya kulia robo mzunguko, akarudi mbele kutazama. Robo nyingine. Kinachosogea kidogo nyuma huonekana mara kadhaa mbele, ndiyo maana hakuwa na papara.

Nafasi zikalingana. Akakaza nati, akapima upya, kwa sababu nati yenyewe ikikazwa huivuta ekseli. Kulia palikuwa pamebana tena kidogo. Akafungua na kuanza upya, bila kunung'unika, mpaka vipimo vya kabla na baada ya kukaza vikafanana.

Mzee akauliza, je, kama kamba ingekuwa sambamba na tairi la mbele pande zote mbili, ila nafasi moja pana kuliko nyingine? Fundi akamwambia hapo ekseli haina kosa: angelitoa gurudumu, akague spoku na bushi, na mwisho kabisa fremu.