Kiti cha Maboksi

Siku ya chekechea, katika madarasa mengi ya Afrika Mashariki, huanzia mkekani. Watoto huketi duara, mwalimu huanzisha wimbo, nao huitikia kwa makofi. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli ya mgongo haijamtii, mkeka huo ni mahali pa taabu. Akikalishwa anaegemea upande, anaanguka, anainuliwa, anaanguka tena. Mikono yote miwili imejikita chini kuzuia asidondoke, kwa hiyo hana mkono wa kupigia makofi. Macho yanahangaika kutafuta mizani, hayapati nafasi ya kumtazama mwalimu. Mzazi akiyaona hayo mara mbili tatu humrudisha mwanawe nyumbani, na hapo safari ya shule huishia kabla herufi ya kwanza haijaandikwa.

Anachohitaji mtoto huyo kwanza ni kiti.

Nacho si lazima kitoke ng'ambo kwa meli, wala kigharimu mshahara wa mwezi. Kuna ufundi wa kutengeneza samani kwa maboksi na magazeti ya zamani, ambao mwalimu Bevill Packer aliuendeleza na kuueneza kutoka Zimbabwe, na ambao baadaye waliuchukua watu wanaowahudumia watoto wenye ulemavu katika nchi nyingi za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Upande wa pili wa dunia, katika kijiji cha Ajoya kwenye milima ya Mexico, wanakijiji wenye ulemavu walikuwa wakiendesha wenyewe karakana yao ya PROJIMO. Kutokana na kazi yao David Werner, yule ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa kitabu cha Mahali Pasipo na Daktari, alitoa mwaka 1987 kitabu kingine kuhusu watoto wenye ulemavu vijijini, kilichojaa michoro ya viti vya kujitengenezea. Inafaa kukumbukwa kwamba waliovibuni na kuvijaribu viti vingi vya kitabu hicho ni watu wanaojua wenyewe uchungu wa kuketi vibaya.

Fundi huanzia dukani, akiomba maboksi matupu ya sabuni, mafuta ya kula na biskuti. Huyachagua makavu, yasiyolowa wala kukunjika. Unga wa ngano huchanganywa na maji na kupikwa mpaka uwe uji mzito unaonata vidoleni. Hiyo ndiyo gundi. Kipande cha kwanza hupakwa uji huo na cha pili hulazwa juu yake, ila mistari ya ndani ya boksi haiachwi ielekee upande mmoja. Ya chini ikiwa imesimama, ya juu inalala, na tabaka linalofuata linasimama tena. Plaiwudi nayo hupata nguvu zake kwa mpangilio huo huo. Tabaka huongezwa mpaka bodi ifikie unene wa kidole gumba, kisha hukandamizwa kwa matofali isije ikapinda, na kuachwa ikauke. Haraka hapa ni hasara tupu. Bodi iliyokauka nje huku ndani ingali mbichi huota ukungu, na kiti chake hakimalizi muhula.

Baada ya bodi kukatwa na kuungwa, zinakuja karatasi za gazeti. Hazikatwi kwa mkasi, huchanwa kwa mkono, kwa kuwa ukingo uliochanika huwa mwembamba na hulala vizuri juu ya mwenzake bila kuacha ngazi. Vipande hivyo huzungushwa kwenye kila pembe na kila kiungo, tabaka juu ya tabaka, mpaka mtu asiweze tena kuonyesha bodi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Kisha msasa, rangi, vanishi. Vanishi haionewi choyo, kwa sababu adui wa kiti hiki ni maji: mkojo, uji uliomwagika, sakafu iliyopigwa deki, paa linalovuja. Kikikauka sawasawa, mtu mzima anaweza kusimama juu yake.

Hata hivyo uhodari wa fundi haupimwi kwa ugumu wa kiti. Unapimwa kwa namna alivyomsoma mtoto kabla kisu hakijagusa boksi. Kwa futi ya kamba huchukua urefu kutoka makalio mpaka nyuma ya goti, akapunguza kidogo ili ukingo wa kiti usimbane mtoto pale nyuma ya goti. Huchukua kutoka goti hadi kisigino, maana miguu inayoning'inia humfanya mtoto akakamae. Huchukua upana wa nyonga, kimo cha kwapa, kimo cha kiwiko ambapo meza ya mbele itakaa. Kila kipimo kina sababu yake, na cha nyonga ndicho mama wa vyote. Nyonga zikiteleza mbele, mgongo unapinda, kichwa kinaanguka nyuma, koo linanyooka, na chakula kinaweza kupita njia ya hewa badala ya njia yake. Ndiyo maana mkanda hufungwa nyongani, si tumboni. Kwa mtoto ambaye miguu yake hupishana kwa kukakamaa, huwekwa kizuizi kidogo kati ya mapaja, kikafunikwa sponji na kitambaa. Mtaalamu wa fiziotherapia akipatikana, yeye ndiye wa kuongoza vipimo hivi, na fundi mzuri humsikiliza.

Kiti kikimkaa vema, mabadiliko huonekana mapema. Mwili ukiwa umeshikwa, mikono inapata uhuru wa kufanya kitu kingine. Mtoto anashika kizibo, anakiangusha, anatazama kilipoangukia, anakitaka tena. Kwa mtu mzima huo ni mchezo tu. Kwa mtoto wa miaka minne hilo ni somo la sababu na matokeo, ambalo wenzake walilianza siku walipojifunza kuketi.

Liko jambo moja ambalo mafundi wengine hulikosa: kimo. Kiti kirefu, hata kikiwa kizuri namna gani, humweka mtoto juu ya wenzake walioko mkekani, akabaki mtazamaji. Fundi anayeijua chekechea hutengeneza kiti cha sakafuni, chenye mgongo na mbavu lakini kisicho na miguu, ili macho ya mtoto yawe usawa mmoja na macho ya jirani yake. Hapo ndipo jirani anapompitishia mpira, anapomnyang'anya kizibo, anapogombana naye. Elimu jumuishi ya watoto wadogo imo zaidi ndani ya ugomvi huo wa kizibo kuliko katika mabango yanayobandikwa ukutani.

Habari za kiti na shule ya watoto wadogo ni za zamani. Daktari Maria Montessori alipofungua Casa dei Bambini tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo jijini Roma, aliagiza meza na viti vidogo, vyepesi kiasi cha watoto kuvihamisha wenyewe. Aliyachukia madawati yaliyokazwa sakafuni, na aliandika hivyo bila kumung'unya maneno. Lakini lililo muhimu zaidi ni mahali alipotoa maarifa yake. Kabla ya San Lorenzo alikuwa amewafundisha watoto wenye ulemavu wa akili, akifuata njia za Mfaransa Édouard Séguin, na huko ndiko alikoona nguvu ya kujifunza herufi kwa kuigusa kwa kidole. Zana zilizozaliwa kwa ajili ya watoto ambao shule iliwakataa ndizo alizowapelekea watoto wengine wote. Leo zimeenea duniani, na Tanzania ina walimu wengi waliofunzwa mtindo huo, baadhi yao katika vyuo vya masista wa Kikatoliki. Wazazi wanaolipia ada chekechea za Montessori wangefaidika kulijua chimbuko hilo.

Pwani nayo ina urithi wake. Mpango wa Madrasa wa elimu ya awali, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation na kwa juhudi za mwalimu Swafiya Said, kisha ukafika Zanzibar na Uganda, uliwafunza wanawake wa mtaani kuwa walimu na kutengeneza zana kwa vitu vilivyowazunguka: vifuu, mbegu, kokoto, vizibo, makuti. Mwalimu aliyezoea kugeuza kifuu kuwa somo la kuhesabu hahitaji kusukumwa sana ili azungushe mpira wa tyubu kwenye krayoni, kalamu inenepe, na mkono usiokunja vizuri uweze kuishika. Mikono hiyo tayari inajua kazi.

Sheria hazijakosekana. Tamko la Salamanca kuhusu elimu jumuishi ni la mwaka 1994, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ni wa 2006, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ni ya 2010. Kenya ilianzisha vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu tangu 1984, na chuo cha elimu maalumu cha KISE mwaka 1986. Pamoja na yote hayo, UNICEF ilipotoa hesabu mwaka 2021 ilikadiria watoto wenye ulemavu duniani kuwa karibu milioni 240, na ikaona kwamba uwezekano wao wa kuhudhuria elimu ya awali ni pungufu kwa asilimia 25 ukilinganisha na wenzao. Tathmini humweleza mzazi mwanawe anahitaji nini. Lazima awepo mtu wa kukitengeneza.

Kiti nacho kina hatari yake. Mtoto akiachwa humo asubuhi hadi adhuhuri, kiti kinageuka kifungo. Anahitaji kushushwa, kulazwa kifudifudi, kubingirishwa, kusimamishwa kwenye fremu, kubebwa kwenda kuona kuku nje ya darasa. Tena mtoto hukua. Kiti kilichomtosha Januari kinaweza kumbana Septemba, kwa hiyo vipimo hurudiwa, na kile cha zamani huwekwa gazeti jipya na vanishi, kikampokea mwingine mwenye umbo linalokaribiana nacho.

Ufundi huu unastahili nafasi katika kila chuo cha ualimu wa elimu ya awali, na kila mwanachuo angepaswa kutengeneza kiti kimoja cha kweli, kwa ajili ya mtoto wa kweli, na kusahihishwa makosa yake kabla hajapewa cheti. Unastahili pia kuwekwa kwenye bajeti. Miongoni mwa wanaoufanya wamo akina mama wa watoto hao hao, waliojifunza kwa siku chache na sasa wanawapimia pia watoto wa majirani. Ruzuku ya shule inayonunua chaki na madaftari inaweza kununua unga wa ngano, msasa na vanishi, na kumlipa mama huyo saa zake kama fundi mwingine yeyote anayeitwa shuleni kutengeneza mlango.