Mpelelezi wa Nasaba: Kumsoma Upya Bwana Msa

Uhakiki wa riwaya za Muhammad Said Abdulla umezoea kuanza na kiko. Kwa kuwa Bwana Msa huvuta kiko, hufikiri kwa utulivu na huandamana na rafiki yake Najum, basi huonekana kuwa ni Sherlock Holmes wa Unguja, na mjadala ukaishia hapo. Athari ya Conan Doyle haikanushiki. Haielezi, hata hivyo, kwa nini mpelelezi huyu, ambaye jina lake ni herufi za mwanzo za majina ya mtunzi mwenyewe, hushughulika na nasaba za watu zaidi ya nyayo na majivu.

Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Kazi hiyo humfikisha mtu katika nyua ambazo mgeni hakaribishwi, na nadhani Bwana Msa ana deni kwake kuliko tunavyokiri. Mzimu wa Watu wa Kale (1960), iliyoshinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–58, husomwa kama ushindi wa akili dhidi ya ushirikina. Ni kweli, ila usomaji huo unatosha kwa riwaya hiyo tu.

Ugumu unaanzia kwenye riwaya za baadaye. Duniani Kuna Watu (1973) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976) zilitoka baada ya Mapinduzi ya 1964, lakini ulimwengu wake ni ule wa mabwana, mashamba na watumishi. Wapo wanaouita huo ukwepaji wa siasa. Mimi naona vingine. Katika kisiwa ambacho vyama vya Waarabu, Washirazi na Waafrika vilikuwa vimegeuza asili kuwa hoja ya kisiasa, riwaya inayouliza “huyu ni mwana wa nani?”, kisha ikathibitisha kwamba jibu lililoaminiwa miaka yote ni la uongo, haiwezi kuitwa burudani tupu. Inatikisa msingi ambao kila upande uliusimamia.

Tatizo lake liko penginepo. Siri ikifichuka, anayeifafanua ni Bwana Msa. Watumishi, ambao aghalabu waliijua kabla yake, huulizwa maswali, wakajibu, kisha usimulizi ukawaacha.