Kiini Macho cha Damu

Kwenye filamu za kutisha mimi hukagua damu kwanza. Waingereza wa kampuni ya Hammer walilijua hilo. Walipotoa The Curse of Frankenstein mwaka 1957, na Dracula mwaka uliofuata, waliimwaga kwa rangi, nyekundu ya kuwaka kuliko hata ya buchani, ilhali mazimwi ya sinema za zamani yalizoeleka kwa nyeusi na nyeupe. Fedha za kutapanya hawakuwa nazo. Studio yao ilikuwa jumba kuukuu la Bray, kando ya mto Thames, na kijiji kimoja cha kuchonga kiliwatosha kwa filamu mbili za 1966, The Plague of the Zombies na The Reptile.

Kipande ninachokirudia ni kifo cha Dracula. Peter Cushing, mwindaji wake, anakimbia juu ya meza ndefu, anaruka, anayang'oa mapazia, jua linaingia. Kisha ananyakua vinara viwili vya mishumaa na kuvikutanisha vikawa msalaba. Sasa mtazame Dracula, yaani Christopher Lee, usoni. Mpambaji Phil Leakey alimpaka wekundu kwanza, akaufunika kwa ile nta ya kurekebishia sura za maiti. Kazi iliyobaki ni ya vidole vya Lee mwenyewe: anajikwangua polepole, nta inabanduka, wekundu unachomoza, nawe unaapa kwamba hiyo ni ngozi. Wakaguzi wa Uingereza walikikata kipande hicho. Nakala yake ilipatikana Japani, kikarudishwa kwenye filamu baada ya miaka zaidi ya 50. (Popo wa The Brides of Dracula, 1960, wangemkata yeye nisingelalamika. Ni mpira mtupu.)

Sisi wa Nyanga, kando ya Ziwa Victoria, vitisho hatujawahi kupungukiwa. Ziwa lenyewe lina Mugasha, mungu wake. Ila kumsimulia Mugasha gizani ni kazi moja, na kulihadaa jicho mchana kweupe ni nyingine. Mafundi wa hiyo ya pili wako jirani. Vuka mpaka wa Mutukula, nenda Kampala, ulizia mtaa wa Wakaliga. Isaac Nabwana alipotengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, damu ilikaa ndani ya kondomu zilizofichwa chini ya shati, zikapasuliwa kwa kuvutwa na mshipi wa kuvulia samaki. Awali alitumia damu ya ng'ombe, hadi ilipoleta ugonjwa, akahamia rangi ya chakula. Bunduki ni vyuma chakavu. Siri hizo zote ninazijua, na mtu akipigwa risasi bado nashtuka.

Juu ya picha za filamu hiyo kuna sauti ya msimulizi, VJ Emmie, anayetania na kushangilia kana kwamba amekaa benchi moja nasi. Waingereza walijaribu jambo la namna hiyo mwaka 1974. Katika The Beast Must Die, wageni wamekusanyika kwenye nyumba moja na mmoja wao hugeuka mbwamwitu. Karibu na mwisho filamu inasimama, saa inatokea kwenye kioo, na watazamaji wanapewa sekunde 30 wamtaje ni nani. Naipenda sana mbwembwe hiyo, lakini aliyepanga muda hajawahi kuingia kibanda umiza. Pale Muleba sekunde 30 zingeisha kabla watu hawajakubaliana hata steringi ni yupi.