Mtoto wa kweli nje, mtoto wa hewa ndani

Mwezi huu nimesikia mara tatu, mbili Baraka na moja hapa hapa Mboko, watu waliosoma wakisema neno moja: Congo ifanye kama Kenya. Kila mwanafunzi aingizwe kwenye intaneti, apewe numero yake, wizara ione yote kutoka Kinshasa, mambo yaishe. Wanaosema hivyo si wajinga. Wawili kati yao nimesoma nao. Lakini naona wanasifu kitu wasichokifungua ndani kukitazama.

Mimi ni mtu wa kilimo, sikusoma mambo ya kompiuta. Ila tangu nimalize lisansi nafundisha biolojia kwenye shule moja ya sekondari (njo kazi tuliyoipata wengi wetu, tusifichane), na kwa sababu najua Excel, kila orodha ya wanafunzi inaniangukia mimi. Kwa hiyo niruhusuni niseme kama mtu mwenye kujaza, maana sifa za mambo haya husemwa na wenye kupokea.

Tuanze na hiyo Kenya. Mwaka 2017 wizara yao ya elimu ilianzisha mfumo unaoitwa NEMIS. Mkuu wa shule aliingia kwa neno la siri, akaandika mwanafunzi mmoja mmoja, na kila mtoto akapata namba yake ya kudumu, UPI. Akihama shule, alihamishwa humo. Kuanzia Januari 2018 hata kupokea wanafunzi wa kidato cha kwanza kulipitia humo. Na kubwa kuliko yote, pesa zilifuata namba. Serikali ilipanga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, na 1,420 kwa mtoto wa shule ya msingi. Asiye na namba hakuhesabiwa, na asiyehesabiwa hakuwa na pesa. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania nao wana namba ya PReM, inayomfuata mtoto wa shule ya msingi anapohama na anapoandikishwa kwa mtihani.

Sasa msiseme napinga. Kama kuna fasi duniani inayohitaji kitu kama hicho, ni hapa kwetu. Fikirieni mtoto anayeshuka kutoka milimani wakati wa risasi. Hana buletini, hana karatasi, shule aliyotoka imefungwa au imeungua na kabati yake. Alikuwa la tano. Anafika hapa, direkteri hana la kufanya, anamrudisha la tatu "ili tuone". Mtoto ana miaka 13, anakaa na wa miaka 8, miezi miwili mbele haumuoni tena darasani, unamkuta ufukoni anavuta nyavu za ndakala. Na wakubwa wetu waliosoma Nyarugusu, kule Kigoma, wanakumbuka walivyorudi na karatasi za kambini wakawa wanaeleza kila mlango kwamba walifuata programu ya Congo. Namba moja iliyohifadhiwa mbali na moto ingewaokoa hawa wote. Hapo nakubali, mikono miwili.

Hata wazo lenyewe si geni kwetu. Chukua buletini yako ya zamani kama bado unayo, utaona juu kuna vijumba vya N° ID, na karibu na darasa kuna sehemu imeandikwa N° PERM, maana yake numero ya kudumu. Ya kwangu ina kistari tu. Mtu alifikiri mambo haya zamani, akatengeneza fasi yake kwenye karatasi. Kujaza ndiko kulikokosa. Na kila mwaka shule zinajaza fomu za takwimu, ST2 kwa shule ya msingi na ST3 kwa sekondari, lakini zile zinahesabu vichwa: wavulana wangapi, wasichana wangapi. Hazina habari na fulani mwana wa fulani. Kutoka kuhesabu vichwa mpaka kutaja majina ni safari nyingine kabisa, na wenzetu wanaiongelea kama ni hatua moja.

Kenya walipotaja majina, waliweka sharti mlangoni: cheti cha kuzaliwa. Namba ya cheti iingie, ndipo mtoto apate UPI. Kwa mtu wa ofisini Nairobi hilo ni jambo dogo. Kwa familia za kaskazini ya nchi, za wafugaji wanaohamahama, lilikuwa ukuta. Mtoto yuko darasani, mwalimu anamuona, anakula uji wa shule, lakini kwa mashini hayupo, na fungu lake haliji. Shule inabaki na uchaguzi mbaya: imfukuze, au imfundishe kwa fungu la wenzake.

Leteni sharti hilo Mboko. Sheria yetu inasema mzazi aandikishe mtoto ndani ya siku 90, na bure. Siku hizo zikipita, inabidi hukumu ya korti inayosimama mahali pa cheti. Mama aliyezalia shambani, au njiani akikimbia, hesabu yake ya siku 90 inaanza wapi? Korti ni safari, safari ni franka, na franka hizo ndizo za chumvi na sabuni. Nikisimama mbele ya darasa langu nikasema wenye cheti waje mbele, najua watakaobaki nyuma ni wengi kuliko watakaokuja. Kwa hiyo siku ile mashini itakapofunguliwa kwa masharti ya Kenya, nusu ya wanafunzi wangu watageuka kuwa kivuli, na watakaoambiwa wamekosea ni wao.

Mtu atasema, sawa, lakini angalau wizi utakwisha, wanafunzi hewa watakwisha. Hapa njo penye uchungu, juu hata hilo halikutimia. Mwaka 2025, miaka minane baada ya kuanza, wizara ya Kenya ililazimika kurudi shule kwa shule kuhakikisha hesabu upya, na ikakuta wanafunzi wasiokuwepo na shule zisizokuwepo zinazolipiwa. Wakaamua kujenga mfumo mwingine wa kuchukua nafasi ya NEMIS, unaitwa KEMIS. Cheti kilimzuia mtoto wa mfugaji, hakikumzuia mtoto wa hewa. Mtoto wa hewa ana faida moja, hana mwili wa kumtembeza, kwa hiyo karatasi zake zinakamilika haraka.

Sisi wa kilimo hilo tunalijua bila kwenda Nairobi. Ukigawa mbegu kwa hesabu ya kaya, kaya zinazaana usiku mmoja. Ukigawa kwa hekta, mashamba yanatanuka. Nimewahi kupima shamba la muhogo lililoandikwa hekta mbili, nikalimaliza kulizunguka kabla jasho halijatoka. Anayeandika ndiye anayelipwa kwa alichoandika, na anayepokea maandishi hatoki kwenye kiti. Kubadilisha daftari kuwa kioo hakubadilishi hayo hata kidogo.

Na kwetu ushahidi uko karibu zaidi. Orodha ya walimu tumekuwa nayo miaka mingi, kwa SECOPE, ambayo leo inaitwa DINACOPE. Ilikuwa kwenye kompiuta, ina numero za matrikule, ina ngazi zote kutoka shule mpaka Kinshasa. Ukaguzi ukakuta walimu hewa humo, na mwaka 2021 korti ya Kinshasa ikahukumu wakubwa wawili wa elimu kwa kula pesa za umma, mmoja wao ni mkurugenzi wa SECOPE mwenyewe. Wakati huo huo nani hajui mwalimu NU, Nouvelle Unité, anayeamka kila asubuhi kufundisha, chaki mkononi, bila mshahara, kwa sababu jina lake "halijapita"? Tangu elimu ya msingi iwe bure, Septemba 2019, madarasa yamejaa, na ile prime ya wazazi imeondolewa, huyo NU ndiye aliyebeba. Mwalimu wa kweli nje, mwalimu wa hewa ndani. Tunataka sasa kumfanyia mtoto vile vile?

Umeme na rezo sitaviongelea sana, kila mtu anavijua. Pano ya jua, simu moja ya kugusa, mega za kununua kwa franka zako, unapanda kilima kutafuta rezo, ukifika kwenye "hifadhi" inakatika. Hayo ni matatizo ya pesa, na pesa ikitafutwa hupatikana. Yanayonitisha ni yale ambayo pesa haitatui.

La kwanza ni jina. Sisi tuna jina, postnom na prénom. Mifumo mingi inataka mawili. Na majina yetu ya Kibembe kila karani anayasikia kwa sikio lake. Chukua Wilondja tu: utakuta Wilonja, utakuta Willondja, na wote ni mtoto mmoja. Mwaka uliopita nilikuwa najaza orodha moja, nikamuita msichana wa darasa langu kwa sababu jina lake lilikuwa tofauti kwenye cheti cha shule ya msingi, tofauti kwenye buletini, na tofauti tena kwenye kadi ya chanjo ambayo mama yake aliitunza kwenye mfuko wa plastiki. Tarehe ya kuzaliwa pia, mbili zinasema 01/01. Nikamuuliza, jina lako lenyewe ni lipi? Akanitazama, akasema: "Prof, andika ile yenye itapita."

Nilikaa na neno hilo. Mtoto wa miaka 15 amekwisha kujua kwamba jina lake ni kitu cha kumridhisha anayepokea. Na daftari la karatasi lina huruma fulani, unakwaruza, unaandika juu, maisha yanaendelea. Mfumo ukikosea herufi moja, kosa linamfuata mpaka Exétat, mpaka kwenye diploma, na kulirekebisha unaambiwa ni kazi ya ngazi ya juu, ambako wewe hujulikani.

La pili nitalisema polepole. Orodha tunazojazishwa zina safu za baba, mama, kijiji cha asili, grupema, teritware. Hapa Fizi ukiwa na maneno hayo hujahitaji kuuliza mtu kabila lake, umekwisha kulijua, pamoja na anakolala mtoto wake na shule anayokwenda asubuhi. Februari 2025 Bukavu ilibadilisha wenyewe kwa siku chache tu. Waliokuwa ofisini walikimbia na nguo. Kompiuta hazikimbii. Tuna Code ya numerike ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za watu, na ni sheria nzuri kuisoma. Lakini kwenye nchi ambayo makundi ya silaha yanachukua watoto, mimi nikiambiwa niandike majina elfu moja ya watoto na vijiji vyao vya asili, nina haki ya kuuliza funguo anashika nani, na siku ile mambo yakiharibika nani anafunga mlango.

Basi nakubali mfumo gani? Ule unaompa mtoto namba siku anapokaa kwenye benchi, na cheti kije baadaye, shule na mairi au sekta wakimsaidia mzazi kukipata. Mlango uwe mwalimu aliyemuona. Ukaguzi uwe wa mtu anayeingia darasani ghafla na kuhesabu vichwa, afananishe na kioo, kama tunavyofanya shambani tukichukua kipande kidogo na kuhesabu mashina. Kabila na asili vitoke kabisa, havimfundishi mtu hesabu. Jina liweze kuandikwa kwa namna zake zote mpaka mzazi athibitishe moja. Na mtoto abaki na karatasi yake mkononi yenye ile namba, juu ziwa linapanda na watu wanahama. Ah, na anayejaza alipwe. Najua mtacheka, lakini muulizeni mwalimu yeyote wa Kenya alikuwa analala saa ngapi msimu wa kujaza.

Prefe wangu aliposikia nabishana mambo haya kwenye baraza la shule aliniambia, "Engineer, wewe wataka kuchelewesha maendeleo." Sijui. Ninachojua ni kwamba orodha ile ya mwaka uliopita niliituma. Kwa yule msichana niliandika jina la kwenye buletini, kisha pembeni nikaongeza safu yangu mwenyewe, nikaweka yale mawili mengine. Faili ikanirudia baada ya siku nne na neno moja: safu ya ziada haitakiwi, iondolewe.

Sijaiondoa.