Mkono Unaojua Pa Kuachia

Mang'ola inajulikana kwa vitunguu. Malori yanashuka kutoka Karatu yakiwa matupu na kupanda yakiwa yamelemewa na magunia, na mgeni anayefika kwa mara ya kwanza hudhani bonde lote la Ziwa Eyasi ni majaruba na mifereji. Lakini ukiyapa mashamba kisogo, ukaingia kwenye mibuyu na miiba, unafika kwa Wahadza, watu wanaowinda kwa uta na mishale. Huko ndiko nilikokaa siku mbili nikimtazama mzee mmoja akitengeneza uta.

Nasema uta kwa makusudi. Siku hizi wengi wetu husema upinde, tena hata huo tunaukumbuka mvua ikikatika na jua likitoka. Kiswahili kina ukoo mzima wa maneno ya kifaa hiki: uta wenyewe, upote ambao ndio kamba yake, wano ambalo ni mti wa mshale, chembe ambayo ni ncha ya chuma, na podo la kutilia mishale. Watu hawatungi majina mengi hivyo kwa kitu wasichokijali.

Kazi ilianza kwa kutembea. Tulipita mikole mingi, ndiyo miti aliyoitaka mzee kwa uta wake, na mimi kila nilipoona fimbo iliyonyooka nilidhani tumefika. Mzee aliusogelea mti, akaupapasa kwa kidole gumba toka chini hadi usawa wa kifua, kisha akauacha. Mmoja ulikuwa na kifundo. Mwingine ulikuwa mnyoofu kama mlingoti, lakini aliupinda kidogo kwa goti, akautazama ukirudi, akatikisa kichwa. "Huu unajisokota," alisema. Mimi sikuona msokoto wowote. Baadaye alinichunia gome la tawi lake moja, nikaona nyuzi za mti zikipanda kwa kuzunguka kama kamba ya katani. Jua lilikuwa limeshachomoza vizuri alipotoa shoka lake dogo na kuukata mkole mmoja unene wa kifundo cha mkono, ambao kwa macho yangu haukuwa na uzuri wowote wa pekee.

Ili uone kwa nini alichagua kwa taabu hiyo, fikiria uta unapovutwa. Upande unaotazama windo, tuuite mgongo, unanyooshwa. Upande unaomtazama mpigaji, tuuite tumbo, unabanwa. Kipande kimoja cha mti kinavutwa na kukandamizwa kwa wakati mmoja, na kinachokizuia kisipasuke ni zile nyuzi zinazokwenda bila kukatika toka ncha hadi ncha. Uzi mmoja ukikatwa mgongoni, hapo ndipo kibanzi kitakapoinuka, na kibanzi kikishainuka huna uta tena, una kuni. Ndiyo maana mzee alipolibandua gome aliuacha mgongo kama mti ulivyouumba. Shoka na kisu vilifanya kazi tumboni na ubavuni tu.

Shoka lilimaliza sehemu yake upesi. Kisha kikaja kisu, na hapo mwendo ukabadilika. Hakukata, alikwangua. Alikisimamisha kisu wima, akakishika kwa mikono miwili na kukivuta kuelekea kwake, na maganda membamba yakaanguka mapajani mwake mithili ya nazi inayokunwa. Anakwangua mara tano, anasimama, anapapasa. Anageuza mti, anafumba jicho moja, anautazama toka nchani kama fundi anayepima bomba. Anakwangua tena mara tatu.

Nilidhani ni tabia ya uzee, kumbe ni hesabu. Ubao bapa ukiuongezea upana mara mbili, ugumu wake wa kupinda huongezeka mara mbili. Ukiuongezea unene mara mbili, ugumu huongezeka mara nane. Ligeuze jambo hilo utaona hatari yake: punguza sehemu moja tu ya kumi ya unene, na umeshapoteza zaidi ya robo ya ugumu. Katika mti wa mviringo, kama huo wa Wahadza, hesabu ni kali zaidi. Ganda jembamba kama karatasi linaweza kugeuza tabia ya uta mzima. Na mti ukishautoa huwezi kuurudisha. Mfinyanzi akikosea huukanda udongo upya, na mshonaji hufumua akashona tena. Mtengeneza uta hana njia ya kurudi nyuma. Ufundi wake wote ni kujua pa kuachia.

Mchana aliwasha moto, akaulaza mti kwenye majivu ya moto, akaupaka mafuta ya mnyama, akaugeuzageuza. Joto hulainisha ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, kisha ukipoa mti hubaki na umbo ulilopewa. Aliuingiza kwenye panda ya mti mwingine, akauegemea polepole kwa uzito wa mwili wake, akaurudisha motoni, akauegemea tena. Pale palipokuwa na kombo pakanyooka. Palipokuwa pamenyooka mno pakapinda kidogo. Hakukuwa na haraka, wala hakukuwa na maneno. Wajukuu wawili walikuwa karibu wakivuta vijiuta vyao, na hakuna aliyewaambia waje kutazama.

Siku ya pili ilikuwa ya kuufundisha mti kupinda, na hiyo ndiyo sehemu ambayo ningeipa makala nzima kama ningeruhusiwa. Uta una mikono miwili, wa juu na wa chini, na yote miwili lazima ipinde kwa ulinganifu. Mzee alifunga kamba ya majaribio, akavuta kiasi cha shibiri moja, akatazama. Mkono wa juu ulikuwa mkaidi karibu na katikati. Alipatia alama kwa ukucha, akafungua kamba, akakwangua mara nne, akafunga, akavuta shibiri ileile mara nyingi, kama anayemzoesha punda mchanga mzigo. Ndipo akaongeza vidole viwili. Sheria aliyoifuata hakuitaja, lakini ilionekana wazi: uta usivutwe kupita pale ulipokwisha kulingana. Ukiulazimisha wakati mkono mmoja bado mgumu, mzigo wote huangukia mkono laini, na mti huukumbuka uonevu huo daima. Hubaki umepinda hata ukiuvua kamba, na nguvu zake haziwi kamili tena.

Upote aliutengeneza kwa kano za mnyama mkubwa zilizokaushwa, akizichana nyuzinyuzi, akizilowesha mdomoni na kuzisokota juu ya paja. Kuhusu mishale nitapita haraka, ingawa nayo ni elimu yake. Wano hunyooshwa kwa joto na kwa meno, manyoya ya kanga au tai hufungwa nyuma, na chembe hufuliwa kutokana na msumari, au hupatikana kwa wahunzi wa Kidatoga. Mishale ya sumu hupakwa utomvu uliochemshwa wa ule mmea wa shina nene na maua ya waridi, Adenium, ambao mjini tunaununua kwenye vitalu vya maua kupamba varanda.

Jioni alinipa uta uliokamilika. Uta wa mwanamume wa Kihadza huhitaji nguvu ya kilo 30 hivi, na nguvu yenyewe inabebwa na vidole vichache. Niliuvuta nusu. Mikono ikanitetemeka, wajukuu wakacheka, na mzee, kwa adabu, akageuka kulitazama ziwa.

Nilirudi Arusha na fimbo mbili za mkole ambazo alikuwa amenichagulia mwenyewe. Ya kwanza niliianza kwa bidii. Nilifuata yote niliyoyaona, ila mgongo ulinikera: ulikuwa na mawimbimawimbi, na sehemu moja iliyoinuka kama uvimbe. Nikatoa msasa. Jina hilo la karatasi ya dukani tumelipata kwa mti uitwao msasa, ambao majani yake makavu ndiyo waliyosugulia mafundi wa zamani, nikajiona nami nimeingia katika mlolongo wao. Nilisugua mgongo hadi ukang'aa, na ule uvimbe nikaupitishia kisu. Siku ya kuuvuta, mara ya kwanza ulipinda vizuri. Mara ya pili nilisikia kama ukucha unaokwaruza meza. Mara ya tatu ulikatika palepale nilipopasawazisha.

Nilipomsimulia mzee safari iliyofuata, aliomba nimwoneshe vipande. Alipitisha kidole mahali palipokatika, hakuhitaji kuuliza. "Ulitaka uwe mzuri kabla haujawa uta," alisema, akavitupa motoni, akanikaribisha chai.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikujifunza hilo siku zile mbili, hali niliona kwa macho yangu kwamba hakugusa mgongo. Jibu ni kwamba kitu asichokifanya fundi hakionekani. Macho hufuata kisu kinapokwenda. Mahali kisipokwenda yanapapita. Vijana wa Kihadza hawana shida hiyo, kwa sababu wanapewa vijiuta wakiwa wadogo sana, wengine wakiwa na miaka mitatu hivi, na utoto wao wote wanavunja, wanatengeneza, wanaigana wao kwa wao. Hakuna darasa wala mwalimu anayesimama mbele. Kufikia ujana, mtoto ameshavunja nyuta za kutosha hata vidole vyake vinajua pa kuachia. Mwaka 1970 Mwingereza James Woodburn alichapisha kupitia British Museum kitabu kuhusu vifaa vya Wahadza, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini kitabu hukuonesha uta ulivyo. Makosa yaliyoutangulia huyapati humo.

Kwa hiyo ufundi huu hauna njia nyingine ya kuishi ila mtu akae na mtu. Mwaka 1911 katika jimbo la California, Marekani, alijitokeza mtu mmoja aliyekuja kuitwa Ishi, wa mwisho wa kabila la Wayahi. Watu wake wote walikuwa wamekwisha, wengi kwa kuuawa. Hakuwa na mtoto wa kumrithisha chochote. Akiwa anaishi kwenye jumba la makumbusho mjini San Francisco, alimfundisha daktari wake, Saxton Pope, kutengeneza uta na kuwinda nao. Ishi alifariki mwaka 1916 kwa kifua kikuu. Pope aliandika kitabu mwaka 1923, na wengi waliokuja kupenda uta wa mti nchini Marekani wana deni kwa kitabu hicho, yaani wana deni kwa Ishi. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu alitoa kilichobaki. Lakini ni afadhali kisibaki kwa mtu mmoja.

Wahadza hawajafika huko. Wako zaidi ya elfu moja, wanazungumza lugha yao, na mwaka 2011 wale wa Bonde la Yaeda walipata hati za kimila za ardhi yao. Hati hizo zinahusu uta kuliko inavyodhaniwa. Bila pori hakuna mkole wa kuchagua, na asiyeweza kuikataa miti kumi hataupata wa kumi na moja. Watalii hufika alfajiri, hurusha mishale kwenye kisiki, hupiga picha na kurudi hotelini kwa kifungua kinywa. Siwalaumu, nami nilifika kama mgeni. Ila kwa asubuhi moja huwezi kuona kisu kikisita.

Fimbo ya pili niliikwangua kwa miezi miwili, na mgongo sikuugusa. Mkono wa chini bado ni mgumu kidogo kuliko wa juu, na nimeamua kuuacha hivyo. Haujavunjika. Mpwa wangu wa miaka tisa ameomba nimfundishe, nami nimemtafutia fimbo tano badala ya moja, kwa sababu nne za kwanza atazivunja.