Sifa Isiyo na Safu

MicroStrategy, programu ya kuchambua data za biashara kutoka kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1989, huja na mradi wa kujifunzia. Humo mna sifa iitwayo Rush Order, yaani oda ya haraka. Itafute safu yake kwenye hifadhidata, hutaiona. Haipo.

Tuseme kuna jedwali la oda zote, na jingine dogo la zile zilizoharakishwa tu. Mwenye pupa angeongeza safu kwenye lile kubwa, akaijaza 'Y' na 'N' mstari kwa mstari, halafu kila usiku programu ikapita kuhakikisha safu hiyo haijapishana na ukweli. Fundi wa modeli, yaani anayeieleza programu data zimekaaje, hana haja hiyo. Pale ambapo sifa nyingine hutajiwa jina la safu, yeye huandika herufi moja ndani ya alama za nukuu: 'Y'. Basi. Mwenye duka naye haandiki “anadaiwa” mbele ya kila jina kwenye daftari la madeni. Jina likiwamo, limeshasema. Ndivyo nadharia ya hifadhidata ya Edgar Codd ya mwaka 1970 inavyosomwa hadi leo: kila mstari wa jedwali ni kauli kwamba jambo fulani ni kweli.

Ila kuandika herufi ni kazi ya sekunde. Ufundi uko kwenye kuchagua jedwali. Sifa ya kawaida hujiwekea mipaka, kwa kuwa safu yake haipatikani kila mahali. Thamani isiyobadilika haitegemei safu yoyote, kwa hiyo jedwali lolote laweza kuipokea. Iunganishe na jedwali la oda zote, na kila oda itakuwa ya haraka. Ripoti itatoka safi, bila onyo hata moja kwenye skrini, na meneja ataipeleka kikaoni. Ndiyo maana fundi makini huyapitia majedwali mwenyewe, akaacha tiki kwenye moja tu, lile dogo la oda zilizoharakishwa.

Baada ya hapo, mtumiaji akiiweka sifa hiyo kwenye ripoti ya mauzo, SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, hupitia jedwali dogo na kubandika 'Y' kwenye kila oda iliyokutwa humo. Oda za kawaida hutoweka. Ukizitaka zibaki, lazima uombe muunganisho wa nje (outer join), nazo zitakuja na nafasi tupu, si 'N'. Wapo wanaokereka na hilo. Mimi nalipenda: hakuna aliyeandika 'N', kwa nini modeli iitunge?

Biashara ikianza kutofautisha oda ya kufika leo na ya kufika kesho, herufi moja haitatosha. Hapo safu halisi itahitajika, na fundi ataweka jina la safu hiyo mahali pa herufi ile, huku jina la sifa likibaki lilelile kwenye ripoti za watu.